Kiingereza cha Kuchoma

Nyinyi vijana wa kompyuta pale karibu na geti la mpaka mmenilalamikia, tena kwa adabu, kwamba nikipita nasimama nyuma ya viti vyenu na kusoma barua za wateja. Ni tabia mbaya, nakubali. Yule mwenye miwani, anayeniita Jaja kama bibi yake, aliniuliza, “Jaja, unatafuta makosa ya spelingi?” Spelingi siku hizi kompyuta inajirekebishia yenyewe. Mimi natafuta kitu kingine, na kwa kuwa hamna nafasi ya kunisikiliza mkiwa na foleni, nimekaa kwangu Nagongera nikakiandika. Someni siku umeme ukikatika.

Kwa wasionijua, mimi ndiye Mama Taipu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa, Busia upande wa Uganda, mashine ya chapa mezani na mwavuli juu ya kichwa, kwa sababu bati la ile baraza lilikuwa na matundu na mwenye duka alikuwa na ahadi tu. Nilipiga mikataba ya mashamba, maombi ya kazi, barua za kuomba ruhusa shuleni. Nilipiga hata barua za mapenzi za vijana waliowapenda wasichana wasiojua kusoma, na baadaye wasichana haohao wakaniletea niwasomee. Lakini kilichonipa jina ni barua za ugomvi.

Mpaka ule una watu wa ajabu. Mtu wa Buhehe, upande wetu, akikorofishana na mtu wa Busia ya Kenya, wote wawili wanajua Kisamia, wote wawili wanajua Kiswahili cha sokoni, na kutoka kwa huyu hadi kwa yule ni bodaboda ya nusu saa. Wangeweza kwenda kuongea. Hawaendi. Wanakuja kwa mpiga taipu na kutaka barua ya Kiingereza, lugha ambayo hakuna hata mmoja wao anayeijua. Wanasema ina uzito. Anayeipokea hawezi kuielewa mwenyewe. Lazima amtafute mwalimu au katekista amsomee, na majirani wote wajue kwamba fulani kaletewa barua. “Madamu,” waliniambia, “mimi nataka Kiingereza ya kuchoma.”

Mimi nilikuwa nacho. Nilikuwa na daftari la jalada gumu ambalo nilikusanyia maneno ya vita, na niliyapata kwenye magazeti ya Kenya yaliyofungiwa mandazi, hasa ukurasa wa michezo. Waingereza, jamani! Sijaona watu wenye maneno mengi ya ugomvi kama wale. Wanapigana kwa jino na ukucha. Wanavua glavu. Wanachora mistari ya vita. Watu wakinuniana, majambia yao yako nje ya ala. Mtu akikataa kubadili mawazo wanasema ameshikilia bunduki zake, hata kama ni mwalimu wa watoto wa kanisani ambaye hajawahi kumpiga kuku. Nilikuwa nikiokota neno jipya lenye mafuta ya mandazi, nalinakili, halafu nangoja mteja mwenye hasira wa kumvisha.

Aliyenifundisha kazi hakuwa na daftari la namna hiyo. Huyo alikuwa Mzee Ojambo, karani wa zamani wa kiwanda cha kuchambua pamba, aliyestaafu akaja barazani na mashine yake. Alipiga kwa vidole viwili tu, na vidole hivyo viwili vilinishinda mimi na kumi vyangu vilivyotoka chuoni. Alikuwa mkali kwa mambo madogo. Kiti cha mteja kiipe barabara mgongo, kwa sababu mtu akiwaona jamaa zake wakipita huanza kutia chumvi. Usiguse mashine mteja anapoongea. Andika kwa penseli, maneno yake kama alivyoyasema, matusi pia. Kisha umuulize, “Unataka huyu mtu afanye nini kesho asubuhi?” Ukikosa jibu la swali hilo, alisema, huna barua, una kelele. Na ukimaliza kupiga, mfasirie mteja yote kwa lugha ya kwao, mstari kwa mstari, ndipo atie sahihi au dole gumba.

Hilo la kufasiri ndilo nililoliacha kwanza, mara tu Mzee alipochoka na kurudi kwao kulea ng’ombe. Sababu ilikuwa aibu. Jaribu kumwambia mama mtu mzima, kwa Kisamia, kwamba umemwandikia kuwa atapigana kwa meno na kucha zake. Wa kwanza niliyemwambia alicheka mpaka akashika nguzo, akasema, “Meno yenyewe iko mbili, Madamu.” Tangu siku hiyo nikawa nawafupishia. “Nimemwambia yote,” nasema, naweka wino, wanaweka dole. Walitoka barazani wakiwa wameinua vichwa na mimi nikajiona fundi.

Dalili zilikuwapo. Mzee mmoja wa Kirewa alikuwa na kesi na jirani yake kuhusu beberu aliyekula majani ya mihogo. Nikampigia barua ya kumwalika jirani uwanja wa vita. Jirani akajibu kwa heshima kubwa, kwa mkono wake mwenyewe, akiuliza ni uwanja upi, wa shule au wa kanisa, na akaomba isiwe Jumapili kwa sababu yeye huimba kwaya. Nilicheka wiki nzima. Ningetumia hata siku moja ya wiki hiyo kufikiri, nisingekuwa na haya ninayotaka kuwaeleza sasa.

Mama Rosa alikuwa mkulima wa Buhehe, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kufika shamba la tatu. Binti yake, Rosa, aliolewa upande wa Kenya na kijana anayeitwa Barasa. Barasa ni dereva wa malori ya Juba, nyumbani anaonekana kama mgeni. Rosa naye alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Mtoto wao, Nekesa, alikuwa na miaka saba. Siku za shule alikaa Busia ya Kenya na mama yake Barasa, ambaye tunamwita Mama Barasa, muuza mitumba. Likizo alikuja Buhehe kwa Mama Rosa. Bibi hao wawili walikuwa wanapatana vizuri kabisa. Shule ikifungwa, mmoja anamleta mtoto mpakani, mwingine anampokea, wanapeana sukari na ndizi, wanasimama wanaongea mpaka mtoto anawavuta nguo waachane.

Basi muhula mmoja shule zimefunguliwa, siku ya tatu au ya nne, nikamwona Mama Rosa anakuja barazani anatembea kama mtu ambaye barabara haimtoshi. Alikaa kabla sijamkaribisha.

“Madamu, andika. Hao watu imenyoa mtoto yangu kichwa. Kipara kabisa, kama yai. Amekuja kwangu likizo hivyo, ameletwa na bodaboda tu, huyo mama mwenyewe hakufika. Mimi sirudishi yeye huko tena.”

“Nani alimnyoa?”

“Huyo mama, bibi yake. Bila kuuliza mimi.”

“Sasa tumwambie nini?”

Nakumbuka alivyofumba mdomo, kama mtu aliyeweka pini midomoni. Halafu akasema, “Mwambie vita imeanza.”

Wajukuu zangu, hapo ndipo swali la Mzee Ojambo lilipotakiwa. Sikuliuliza. Mteja wa vita alikuwa amenijia mwenyewe, na daftari lilikuwa kwenye droo. Nilimpigia Mama Barasa barua ya ukurasa mzima. Nilimwambia ametangaza vita dhidi ya nyumba ya watu, kwamba mistari imeshachorwa, kwamba mwenye barua hii atapigana kwa jino na ukucha na hatarudi nyuma hata inchi. Lile jambo lenyewe nililiita “kitendo cha uchokozi”. Nywele sikuzitaja. Kichwa sikukitaja. Niliona ni mambo madogo, yataiharibu barua.

“Nimemwambia yote,” nikamwambia Mama Rosa, na akaweka dole gumba.

Baada ya siku tatu, nani anakuja? Mama Barasa, mrefu, na bahasha yangu mkononi. Kule kwake kulikuwa na watu wa kumsomea, lakini aliitambua mashine. Herufi ‘e’ ya mashine yangu ilikuwa imepanda juu kidogo ya wenzake, na Busia yote iliijua.

“Madam, hii ni kazi yako, usikatae,” akasema. “Hebu nisomee. Kwani nimemkosea nini huyu mama?”

Nilimsomea, na sauti nilitia. Ukisoma barua uliyoipiga mwenyewe ni vigumu kutojisikia. Aliposikia jino na ukucha alikunja uso, na nilipomaliza aliweka mkoba chini.

“Haya. Na mimi niandikie.”

Mtaniuliza kama ni haki mtu mmoja kuwapigia taipu wagomvi wote wawili. Wakati ule sikuona tatizo. Muuza chumvi hawaulizi wateja wanakwenda kupika nini. Nikachukua penseli. Nawaandikia hapa alichosema, kwa sababu ukurasa ule ninao mpaka leo:

“Mwambie mtoto alikuwa na mapunye, kichwa chote. Daktari wa zahanati ndiye alisema anyolewe ndio dawa ishike. Ningengoja ruhusa ya nani? Pia mwambie Rosa alipiga simu Ijumaa, ako mzima, kazi iko sawa. Amejaribu laini ya mama yake haiingii, anamsalimia sana. Na mtoto arudi shule. Na huyo mama asinitishe, mimi si mtoto wake.”

Hilo la laini lilikuwa jambo la kawaida. Mama Rosa alikuwa na laini ya zamani isiyosajiliwa, ikafungwa kama zilivyofungwa za wengi, na namba yake mpya kule Uarabuni haikujulikana.

Niliandika yote hayo. Kisha nikageukia mashine, nikatafuta kwenye daftari langu mahali pa kuyaweka, nikakosa. Daftari la vita halina mapunye. Salamu nazo zinaipoza barua; utamwambiaje mtu kwamba glavu zimevuliwa, halafu chini yake umwambie bintiye anamsalimia? Nilikuwa na desturi ya kukata salamu kwenye barua zote za ugomvi, nikaona hata hizi ni zilezile. “Asinitishe” ndiyo niliyoipenda. Ile peke yake niliitengenezea aya mbili. Mapunye na daktari wake vikawa “madai yasiyo na msingi”. Mtoto kurudi shule nikaiweka mwisho, imevaa silaha mpaka haikutambulika.

“Umemwambia kuhusu Rosa?” Mama Barasa aliuliza akisimama.

“Nimemwambia yote.”

Ndivyo nilivyosema. Sikumdanganya kwa ubaya. Nilisema kama mtu anavyosema “salama” akiamkiwa. Lakini nilisema.

Barua ikaenda. Mama Rosa akaja na jibu, tena na Nekesa mwenyewe safari hii, kitambaa kichwani. Mtoto mpole yule, mwenye macho ya kuuliza. Wakati bibi yake anazungumza alikuwa amesimama kwenye ngazi, anafuata kwa kidole maandishi ya kwenye gunia la sukari, herufi kwa herufi, midomo ikienda. Wenzake walikuwa darasani. Nikamwona, nikampenda, nikampa kipande cha karatasi ya kaboni achezee, nikarudi kwenye kazi yangu ya kumfungia njia ya kwenda shule. Barua ya tatu ilikuwa kali kuliko ya kwanza.

Mama Barasa alipokuja kujibu, hakuwa tena na maelezo. Alikuwa ameumia. “Nimemtumia habari za mtoto wake mwenyewe, hata asante hakusema. Amenijibu na matusi. Huyo ni mtu kweli? Niandikie anikome.” Nililisikia lile neno, habari za mtoto wake. Mkono uliokuwa na penseli uliliandika. Kichwa changu kilikuwa kwenye daftari, kinachagua, na nikachagua neno nililokuwa nimelihifadhi muda mrefu, lile la Kiingereza la kumwambia mtu kwamba jambo halitafanyika ila juu ya maiti yangu. Nililipiga kwa herufi kubwa.

Wiki ya nne ilikuwa inakwisha na Nekesa bado yuko Buhehe.

Siku Mama Rosa alipoileta ile barua ya nne, utepe wa mashine ulichomoka. Wenye umri wenu hamuujui: ni mkanda wa kitambaa uliolowa wino, unazunguka kwenye magurudumu mawili, na ukichomoka lazima uurudishe kwa vidole, pole pole, na mikono yote inakuwa kama ya fundi wa baiskeli. Huwezi kushika penseli, huwezi kugusa karatasi. Basi mteja anakaa tu, na wewe unakaa tu, na hakuna cha kufanya isipokuwa kuongea.

Safari hii sauti yake ya mashambani haikuwapo. Alikuwa amekonda. Aliniangalia navuta utepe, halafu akasema, “Madamu, wewe ni mtu ya Padhola, sio?”

“Ndiyo, wa Nagongera.”

“Kwenu huko, mtu ikikufa, watoto yake nanyolewa?”

“Wananyolewa,” nikasema. “Baada ya mazishi. Si hata kwenu?”

“Hata kwetu.”

Mimi mikono ikasimama.

“Mwezi mbili sijasikia sauti ya Rosa,” akasema. “Halafu naona mtoto yake amekuja, kichwa ni kipara. Nauliza mtoto, nani amekufa? Anasema hakuna. Lakini mtoto naambiwa nini? Hao watu najua kitu. Nasema wamesikia kutoka Uarabuni, wamenyoa mtoto, wamenificha. Nikasema nitakaa na huyu Nekesa, ndiye amebaki. Nangoja huyo mama aandike tu aseme. Kila barua naenda kwa katekista, namwambia soma pole pole. Anasoma vita, vita, vita. Hii ya jana amesoma maiti. Katekista amesema ni maneno ya hasira tu, Wazungu nasema hivyo. Sawa. Lakini sikulala.”

“Mama Rosa, kwa nini hukuniambia hivyo siku ya kwanza?”

“Nitasema namna gani mtoto yangu amekufa, na sijaona? Nitamuua na mdomo yangu?” Alifuta uso kwa kiganja. “Wewe ulisema umemwambia yote. Nikajua umeuliza.”

Nilifuta mikono kwenye sketi, sketi nzuri ya buluu iliyoharibika hapo hapo, nikafungua kitabu nilichoandikia maneno ya wateja kwa penseli. Kurasa zilikuwa zinashikana kwa wino wa vidole vyangu. Nikaufikia ukurasa wa Mama Barasa, ule wa kwanza. Nikamsomea kwa Kisamia, mstari kwa mstari: mapunye, daktari, Rosa alipiga simu Ijumaa, ako mzima, laini yako haiingii, anakusalimia sana.

“Soma tena.”

Nikasoma tena.

“Hiyo imeandikwa lini?”

“Wiki tatu zilizopita.”

Alisimama. Nilidhani atanipiga, na kusema kweli ningekaa nipigwe. Akasema, “Twende,” nami nikaiacha mashine wazi na utepe ukining’inia, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada ya siku hiyo, na tukavuka kwa miguu mchana ule wa jua kali, yeye mbele, mimi nyuma, hatusemezani.

Mama Barasa alikuwa kwenye meza yake ya mitumba anapanga magauni ya watoto. Alipotuona aliacha kila kitu, akaweka mikono kiunoni, tayari kwa vita nilivyokuwa nimewapikia. Mama Rosa hakumwamkia.

“Rosa iko hai?”

Mama Barasa mikono ikamwanguka. “Mama! Rosa ako mzima! Amepiga tena Ijumaa! Si nilikuandikia?”

Wote wawili wakanigeukia.

Nimeshasimama mbele ya mahakimu kuthibitisha hati nilizozipiga. Nimeshakaripiwa na wenyeviti wa kila namna. Sijawahi kuangaliwa vile. Hawakuwa na hasira, ndiyo iliyoniumiza. Walikuwa wanangoja nieleze tu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesoma. Nikaeleza. Nikawaambia nilizikata salamu kwa sababu hazikupendeza kwenye barua. Nilipolisema kwa sauti, pale kati ya magauni ya mitumba, sikuweza kumtazama hata mmoja.

Mama Barasa ndiye aliyeanza kulia, na alimlilia mwenzake. “Wiki tatu umekaa na msiba peke yako, na mimi nakuchukia,” akasema, akamvuta. Yule mfupi alifika kifuani kwa yule mrefu. Mama Rosa alilia bila sauti kwa muda, halafu sauti yake ikarudi yote kwa mpigo, na nadhani Buhehe waliisikia.

Rosa alikuwa haruhusiwi simu ila siku ya Ijumaa, kwa hiyo siku hiyo hawakuweza kumpigia. Mama Barasa alimwandikia mwenzake namba ya Rosa kwenye kipande cha boksi, akampa pia mafuta ya mapunye yaliyobaki. Kisha mmoja wao, sikumbuki nani, akaniuliza zile barua nne zilikuwa zinasema nini hasa. Ilibidi nizifasiri, nikiwa nimekalia bunda la mitumba, kila neno, kama Mzee Ojambo alivyotaka. Jino na ukucha. Glavu. Majambia nje ya ala. Mwanzoni walinisikiliza kwa huruma. Nilipofika kwenye mistari ya vita, Mama Barasa alianza kutikisika mabega. “Mimi nina glavu wapi?” akauliza. “Hata za baridi sina.” Wakacheka, wakacheka, wateja wakasimama kuwatazama, na mimi nikacheka nao huku nimeona haya mpaka masikioni. Jumatatu Nekesa alikuwa darasani, na nywele zilikuwa zimeanza kuota.

Niliendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo, na barua za ugomvi sikuziacha. Watu hawajaacha kugombana. Kiingereza cha kuchoma pia sikukikataa kabisa, kwa sababu wakati mwingine mtu anataka tu kuona hasira yake imevaa suti. Lakini kwanza niliweka kilichotokea, na nani, na anataka nini kesho asubuhi, na salamu zote, hata za kuku. Nafasi ikibaki, ndipo vita. Mara nyingi haikubaki. Siku hizi simu zenu zinajua maneno ya vita mengi kuliko daftari langu, na zinayatoa kabla mteja hajamaliza kukaa. Sina ugomvi nazo. Ninaposimama nyuma ya viti vyenu nasoma kuona kama mteja mwenyewe bado yumo kwenye barua yake.

Mama Rosa alirudi barazani wiki iliyofuata. Alikuwa ameshaongea na Rosa, ameisikia sauti kwa masikio yake, uso umejaa tena. Nilidhani amekuja kunisema, maana siku ile hakunisema. Akakaa kwenye kiti, akaipa barabara mgongo, akaniomba nimpigie barua nyingine.

“Kwa nani?”

“Kwangu.”

Alitaka ule mstari mmoja wa Mama Barasa, peke yake, kwa Kisamia, bila Kiingereza. Niliupiga taratibu kuliko kitu chochote nilichowahi kupiga: Rosa alipiga simu Ijumaa. Yuko mzima. Anakusalimia sana. Nikamsomea mara mbili. Nilipochukua bahasha akanishika mkono akanizuia.

“Usifunge,” akasema. “Hii imefungwa tayari wiki tatu.”